Imamu Ghazali: Mwalimu Aliyefungwa Ulimi

Huenda nawe u miongoni mwa wanaoitafuta njia ya Mwenyezi Mungu, na unadhani kwamba elimu nyingi na ushindi katika mijadala vyatosha kumfikisha mtu. Basi yatazame maisha ya Imamu Abu Hamid Al-Ghazali, aliyekuwa na vyote viwili, na bado akajiona yu katika hatari ya kuangamia.

Alizaliwa mwaka 1058 mjini Tus, katika nchi ya Iran ya leo. Alisoma Nishapur kwa Imamu Juwaini, mwanachuoni mkubwa wa zama zile. Mwaka 1091 Waziri Nizamul-Mulk alimweka kuwa mwalimu katika chuo cha Nizamiya, Baghdad. Wanafunzi 300 walihudhuria masomo yake, na wakubwa wa dola walimheshimu.

Lakini alipoichunguza nia yake katika kufundisha, aliona kwamba hakuwa akitafuta radhi za Mungu, bali cheo na sifa. Karibu miezi sita alivutwa huku na huku: asubuhi aliazimia kuondoka, jioni dunia ikamrudisha. Mwishowe ulimi wake ulifungwa, asiweze kusomesha hata neno moja. Chakula nacho kikamshinda. Waganga walikata tamaa, wakasema kwamba ugonjwa umo moyoni.

Mwaka 1095 aliiacha Baghdad. Aliigawa mali yake, akabakiza kiasi cha kumtosha na riziki ya watoto wake tu. Akakaa karibu miaka miwili Dameski, ambako alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia humo mchana kutwa. Kisha alikwenda Baitul-Muqaddas, na baadaye akahiji Maka na kuzuru Madina.

Je, alikuwa akiwakimbia watu? La. Wanawe walipomwita, alirudi kwao. Nyumbani aliendelea kupenda upweke, ingawa shughuli za jamaa na mahitaji ya maisha zilimvuruga mara kwa mara. Hakukata tamaa kwa sababu hiyo. Kila alipokatizwa, alirejea tena.

Katika miaka hiyo alitunga Ihyaau Ulumid-Din, chenye sehemu 40. Humo alipima faida za kujitenga pamoja na hasara zake. Pia alifundisha kwamba mtu aihesabu nafsi yake kama mfanyabiashara anavyomhesabu mshirika wake: asubuhi aipe masharti, mchana ailinde, na jioni aidai hesabu ya faida na hasara.

Mwaka 1106, baada ya miaka 11, alirudi darasani, safari hii Nishapur. Kwa macho ya watu alikuwa amerudia kazi ile ile. Lakini yeye alijua tofauti: zamani alifundisha elimu inayompatia mtu cheo, na sasa elimu inayomfanya akiache. Alifariki Tus mwaka 1111.

Ndugu msomaji, pengine wewe huna mnara wala miaka 11. Una watoto, kazi na jirani wenye haki juu yako. Lakini baada ya sala ya Isha, nyumba ikishatulia, unaweza kukaa peke yako kitambo kidogo na kujiuliza: neno lile nililolisema leo juu ya dini, nililisema kwa ajili ya nani? Usiharakishe kujibu.

Mwenyezi Mungu atutakasie nia zetu. Amin.