Paul Cézanne: Alikataliwa kwa miaka mingi, matunda yakampa jina

PAUL Cézanne alizaliwa Januari 19, 1839 katika mji wa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa. Babake, Louis-Auguste, alianza maisha akiuza kofia kisha akapanda ngazi hadi kuwa mwenye benki. Kwa hivyo nyumbani hakukuwa na njaa. Tatizo lilikuwa moja tu: mzee alitaka mwanawe awe wakili, naye kijana alitaka kuchora.

Shuleni, rafiki yake mkubwa alikuwa Émile Zola, ambaye baadaye alikuwa mwandishi maarufu. Husimuliwa kwamba wanafunzi wengine walimtenga Zola, Cézanne akasimama naye na akapigwa kwa sababu hiyo. Kesho yake Zola alimletea kikapu cha matufaha. Tunda hilo halikumtoka Cézanne maishani.

Ili kumridhisha babake, aliingia chuo kikuu cha Aix kusomea sheria. Mnamo 1861 aliachana nayo, akaenda Paris kujifunza sanaa. Mambo hayakuwa rahisi. Miezi michache tu, akarudi nyumbani kufanya kazi katika benki ya babake. Akachoka, akarudi Paris mwaka uliofuata. Mzee alikubali shingo upande na kuendelea kumtumia pesa za matumizi.

Enzi hizo, mchoraji Ufaransa alitambuliwa akikubaliwa katika onyesho kubwa la serikali lililoitwa Salon. Cézanne alipeleka kazi zake mwaka baada ya mwaka, nazo zikakataliwa. Zilikubaliwa mara moja pekee, mnamo 1882. Hata alipoungana na akina Monet na Pissarro katika onyesho lao la 1874, picha zake zilichekwa.

Maisha ya nyumbani nayo yalikuwa ya kujificha. Alikuwa akiishi na Hortense Fiquet, na mnamo 1872 wakapata mtoto wa kiume. Kwa kuhofia kukatiwa pesa, alimficha babake habari hizo kwa miaka. Mzee alipogundua, kweli alizipunguza. Hebu fikiria, mwanamume mzima, baba wa mtoto, bado anategemea mfuko wa babake! Alifunga ndoa na Hortense mnamo 1886, na babake akafariki mwaka huo huo, akimwachia urithi mkubwa.

Wakati huu wote, alikuwa akichora matunda. Tufaha, chungwa, pea, bakuli na kitambaa cha meza, basi. Alichora polepole sana, kiasi kwamba wakati mwingine matunda yalioza kabla hajamaliza.

Katika miaka yake ya mwisho, kazi hii aliifanya sana kwa rangi za maji. Rangi hizi hazina huruma kama zile za mafuta. Ukikosea, huwezi kufunika kosa kwa rangi nzito. Mwangaza nao hautoki kwenye kopo la rangi. Unatoka kwenye karatasi yenyewe. Cézanne alilielewa hilo vizuri. Alichora mistari myepesi kwa penseli, kisha akaacha karatasi nyeupe pale ambapo mwanga unagusa tunda zaidi. Sehemu hiyo tupu ndiyo hulifanya tufaha lionekane limevimba, kana kwamba unaweza kulishika.

Mchoraji kijana Émile Bernard alimtazama mnamo 1904 akichora mlima wa Sainte-Victoire kwa rangi za maji. Aliona kwamba mzee alianzia kwenye kivuli: doa moja la rangi, juu yake la pili lililo pana kidogo, kisha la tatu, mpaka kitu chenyewe kikajitokeza. Vivuli vyake havikuwa vyeusi. Vilikuwa vya buluu, zambarau na kijani. Ukitaka kuhakikisha, weka tunda kwenye kitambaa cheupe karibu na dirisha, kisha angalia kivuli chake kwa makini. Weusi mtupu hutauona.

Sifa zilichelewa. Onyesho lake la kwanza la peke yake lilifanyika Paris mnamo 1895, kwa mfanyabiashara wa sanaa Ambroise Vollard. Cézanne alikuwa na umri wa miaka 56. Mnamo 1902 alianza kutumia studio aliyojijengea kwenye kilima cha Lauves, nje ya Aix. Dirisha lake kubwa lilitazama kaskazini, upande ambao jua haliingii moja kwa moja, ili mwanga usibadilikebadilike sana.

Alikuwa akiugua kisukari, lakini hakuacha brashi. Oktoba 1906 mvua kubwa ilimkuta akichora nje. Alizirai njiani, akabebwa hadi nyumbani kwa mkokoteni wa dobi. Kesho yake aliamka akaenda kazini tena, akazidiwa. Alifariki siku chache baadaye, akiwa na miaka 67.

Mwaka uliofuata, kazi zake zilionyeshwa kwa wingi jijini Paris. Pablo Picasso na Henri Matisse, waliokuwa wachoraji chipukizi, walimtambua kama mwalimu wao. Studio yake ya Lauves imehifadhiwa hadi leo, pamoja na mabakuli na mitungi aliyokuwa akiipanga mezani kando ya matufaha.