Muhammed Said Abdulla

Muhammed Said Abdulla (Makunduchi, Unguja, 25 Aprili 1918 – 1991) alikuwa mwandishi wa habari na mtunzi wa riwaya kutoka Zanzibar. Anajulikana hasa kama muumbaji wa Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko anayefumbua mauaji na siri za koo za Kizanzibari. Huhesabiwa kuwa mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi katika fasihi ya Kiswahili.

Maisha

Abdulla alizaliwa Makunduchi, mji wa kusini mwa kisiwa cha Unguja unaojulikana kwa sherehe za Mwaka Kogwa na kwa lahaja yake ya Kimakunduchi. Alimaliza masomo mwaka 1938, akaajiriwa na idara ya afya ya serikali kama mkaguzi, yaani yule ambaye watu wa visiwani na wa bara humwita bwana afya. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi. Ni kazi ya kutazama kwa makini vitu ambavyo mwenye nyumba amevizoea hata havioni tena, na msomaji wa riwaya zake hatashangaa kusikia kwamba mtunzi alipitia huko.

Mwaka 1948 aliacha afya akaingia kwenye uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Orodha hiyo si ya kawaida. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisemea upande wa Waafrika, wakati ambapo siasa za Zanzibar zilikuwa zikielekea kwenye mgawanyiko mkali. Ni watu wachache waliokaa kwenye meza za pande zote mbili. Mwaka 1958 alihamia Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akalihariri hadi alipostaafu mwaka 1968. Kwa hiyo Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta akiwa mhariri wa habari za mashamba.

Mzimu wa Watu wa Kale

Umaarufu wake ulianzia kwenye shindano. East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi, liliendesha mashindano ya kutunga hadithi kwa Kiswahili mwaka 1957-58. Abdulla alipeleka muswada wa Mzimu wa Watu wa Kale, akapata tuzo ya kwanza. Kitabu kilichapishwa mwaka 1960.

Wakati huo riwaya ya Kiswahili ilikuwa bado changa. Shaaban Robert alikuwa ameandika hadithi zake za maadili, na shuleni walisoma tafsiri kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambapo mashujaa ni Wazungu waliokuja Afrika kutafuta mali. Katika kitabu cha Abdulla hakuna nchi ya kubuni wala mgeni wa kuja kuokoa. Kuna Unguja yenyewe, watu wake na mazungumzo yao, na maiti isiyo na kichwa iliyokutwa mahali pa mzimu.

Hapo ndipo penye uzito wa kitabu. Imani ya mizimu ilienea kote visiwani, kuanzia Makunduchi kwao mtunzi hadi vijiji vya Kiuyu kaskazini-mashariki mwa Pemba: mapango, miti mikubwa na magofu ya kale ambako watu walipeleka ubani na nadhiri, na ambako hawakuthubutu kwenda ovyo. Mtu akiuawa mahali kama hapo, jibu liko tayari kabla ya swali kuulizwa: mzimu umekasirika. Muuaji mwenye akili anaweza kujificha nyuma ya jibu hilo kuliko nyuma ya ukuta wowote. Bwana Msa halikubali. Hawadharau wanaoamini, ila anaendelea kuuliza nani alikuwa wapi na nani anafaidika, mpaka mkono wa binadamu unaonekana.

Kisima cha Giningi, kilichotoka London mwaka 1968, kinarudi kwenye uwanja huohuo. Giningi katika imani ya Wazanzibari ni makutano ya wachawi, na jina hilo pekee lilitosha kumtisha mtoto asitoke usiku.

Bwana Msa na Sherlock Holmes

Asili ya Bwana Msa haikufichwa. Kiko, utulivu, jicho la kuona dalili ndogo, na rafiki anayeshangaa kila mara, yaani Najum, ni mambo yanayotoka kwa Sherlock Holmes na Daktari Watson wa Arthur Conan Doyle. Kama Holmes, Bwana Msa si askari: polisi, akiwemo Inspekta Seif, wana kazi yao na yeye ana yake.

Holmes alitokea mara ya kwanza mwaka 1887 katika riwaya ya A Study in Scarlet. Mwaka 1914 George Pearson aliitengenezea filamu bila sauti huko Uingereza, na kwa nafasi ya Holmes alimchukua James Bragington, karani wa ofisi ambaye hakuwa mwigizaji, kwa sababu tu alifanana na mpelelezi huyo. Filamu hiyo imepotea, na mwaka 2010 Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliiweka kwenye orodha ya filamu 75 inazozitafuta zaidi. Kwamba mtu angeweza kuwa Holmes kwa sura peke yake, bila kusema neno, kunaonyesha tofauti na Bwana Msa. Huyu bila maneno hayupo. Anafumbua mambo kwa kuzungumza: kwa mzaha, mafumbo na maswali ya adabu yanayomfanya mtu aseme zaidi ya alivyokusudia. Wengi humsoma Abdulla kwa ajili ya Kiswahili chake cha Unguja kuliko kwa ajili ya kumjua muuaji.

Riwaya za baadaye

Baada ya kustaafu aliandika kwa kasi zaidi. Duniani Kuna Watu ilitoka mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Humo mizimu inapungua, na siri zinahamia ndani ya nyumba: mirathi, ndoa zilizofichwa, watoto wasiojua baba zao. Nasaba hupindana kiasi kwamba msomaji hulazimika kurudi nyuma kurasa kadhaa, na si kila mara anapata anachokitafuta.

Wahakiki wamemlaumu kwa jambo moja hasa. Aliandika nyingi ya riwaya hizi baada ya 1964, lakini dunia yake imebaki ile ya kabla ya Mapinduzi, yenye matajiri wa mashamba na watumishi wao, na mfumo huo hauulizwi maswali. Lawama ina ukweli, hasa akilinganishwa na waandishi wa Zanzibar waliomfuata, kama Mohamed Suleiman Mohamed na Shafi Adam Shafi, ambao tabaka na unyonge ndivyo kiini cha kazi zao. Hata hivyo ni yeye aliyewaonyesha kwamba mtaa wa Kizanzibari, na lugha yake ya kila siku, vinatosha kujaza riwaya nzima.

Riwaya yake Kosa la Bwana Msa ilichapishwa mwaka 1984. Alifariki miaka saba baadaye.