Robert Wangila

Robert Napunyi Wangila (3 Septemba 1967 – 24 Julai 1994) alikuwa bondia wa Kenya aliyeshinda medali ya dhahabu ya uzito wa welta kwenye Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Ukiwaacha mabondia weupe wa Afrika Kusini walioshinda kati ya mwaka 1920 na 1948, yeye ndiye Mwafrika wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Pia ni Mkenya pekee aliyepata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo usio riadha. Baada ya ushindi huo aliingia ngumi za kulipwa nchini Marekani, na huko ndiko alikofariki akiwa na umri wa miaka 26, kutokana na majeraha ya kichwa aliyoyapata ulingoni.

Ndondi za Kenya kabla yake

Wangila alizaliwa Nairobi. Leo jina la Kenya likitajwa katika michezo watu hufikiria mbio, lakini wakati wa utoto wake ndondi zilikuwa na heshima karibu sawa na riadha. Philip Waruinge alikuwa amepata shaba Mexico City mwaka 1968, pamoja na kombe la bondia bora wa mashindano yale, kisha fedha Munich mwaka 1972. Munich huko huko Samuel Mbugua na Dick Murunga walipata shaba, na Murunga alipigana katika uzito wa welta, uzito uleule ambao Wangila angekuja kuutawala. Mwaka 1978 Stephen Muchoki akawa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade.

Kizazi kilichofuata kilikosa nafasi kwa sababu zisizohusu mchezo. Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 na ya Moscow mwaka 1980, halafu ikasusia pia Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1986. Katikati ya hapo Ibrahim Bilali alipata shaba Los Angeles mwaka 1984. Kwa hiyo Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika mwaka 1987, mabondia wa Kenya walikuwa na hamu kubwa ya kuonyesha uwezo wao, tena nyumbani kwao. Timu hiyo, iliyojulikana kwa jina la Hit Squad, iliondoka na medali nyingi za dhahabu, na ya uzito wa welta ilikuwa ya Wangila. Alikuwa hajatimiza miaka 20.

Seoul 1988

Wakati huo pambano la ridhaa lilikuwa la raundi 3, kila raundi dakika 3, na mabondia walivaa kinga ya kichwa. Mshindi aliamuliwa na majaji watano waliokaa kando ya ulingo. Mashindano ya Seoul yanakumbukwa hasa kwa aibu ya majaji hao: katika fainali ya uzito wa kilo 71, Mmarekani Roy Jones alimzidi waziwazi Park Si-hun wa Korea Kusini, lakini ushindi ukapewa mwenyeji. Lawama zilikuwa kubwa kiasi kwamba kufikia Olimpiki iliyofuata, ya Barcelona mwaka 1992, alama zilihesabiwa kwa kompyuta.

Wangila hakuwahitaji majaji. Silaha yake ilikuwa ngumi nzito. Katika nusu fainali alipita bila kupigana, kwa sababu Jan Dydak wa Poland alikuwa na jeraha la mkono. Kwenye fainali alikutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa, bondia mrefu na mwenye ufundi ambaye wengi walimpa nafasi kubwa ya kushinda. Mapema katika raundi ya pili Wangila alimwangusha, Boudouani akashindwa kuinuka kabla hesabu haijaisha, na pambano likaishia hapo.

Kenya ilirudi nyumbani na dhahabu 5. Nne zilitoka kwenye riadha: Paul Ereng katika mita 800, Peter Rono katika mita 1500, Julius Kariuki katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na John Ngugi katika mita 5000. Ya tano ilikuwa ya Wangila. Chris Sande naye aliongeza shaba katika uzito wa kati, hivyo Seoul ikawa Olimpiki iliyoipa ndondi za Kenya dhahabu yake ya kwanza.

Ngumi za kulipwa

Medali ilileta sifa, si riziki. Bondia wa ridhaa hakulipwa kwa mapambano yake. Mabondia wengi wa timu ya taifa waliishi kwa mshahara wa jeshi, polisi, magereza au kampuni zilizokuwa na klabu za ndondi. Aliyetaka kuishi kwa ngumi alilazimika kwenda ng'ambo. Mganda Ayub Kalule, bingwa wa dunia wa ridhaa wa mwaka 1974, alihamia Denmark na mwaka 1979 akawa bingwa wa dunia wa kulipwa, na Muchoki pia alifuata njia ya Denmark. Wangila alichagua Marekani, kwenye fedha nyingi zaidi na wapinzani wengi zaidi, akaanza kupigana huko mwaka 1989.

Ngumi za kulipwa, ingawa ni za ulingo uleule, ni kazi nyingine. Kinga ya kichwa haivaliwi. Pambano la dakika 9 linakuwa la raundi 8, 10 au 12, na bondia anayezoea kumaliza kazi mapema hana budi kujifunza kugawa nguvu zake, kupokea ngumi na kusubiri. Zaidi ya hayo yapo mambo ya promota na mikataba. Bondia mgeni asiye na umati wa mashabiki wa kununua tiketi hupata nafasi kwa taabu, na mara nyingi huitwa kupigana na vijana ambao promota anataka kuwakuza.

Wangila alishinda mapambano mengi, mengi yake kwa kumwangusha mpinzani, na kwa jumla rekodi yake ilifikia ushindi 22 dhidi ya kushindwa mara 5. Kwa bondia wa kawaida hiyo ni rekodi nzuri. Kwa bingwa wa Olimpiki ni njia iliyokwama: alishindwa katika baadhi ya mapambano yaliyokuwa muhimu, na hakuwahi kupata pambano la ubingwa wa dunia. Mkenya mwenzake David Kamau, ambaye hakuwa na medali ya Olimpiki, ndiye aliyefika huko, alipopigana na Julio César Chávez mwaka 1995 na Oscar De La Hoya mwaka 1997, ingawa mara zote mbili alishindwa.

Pambano la mwisho

Tarehe 22 Julai 1994 Wangila alipanda ulingoni Las Vegas, katika hoteli ya Aladdin, kupigana na David Gonzales. Alipokea ngumi nyingi, na katika raundi ya tisa refa aliingilia kati na kusimamisha pambano. Wangila alikuwa bado amesimama, na alilalamikia uamuzi huo. Aliondoka ulingoni kwa miguu yake, lakini alipofika chumba cha kubadilishia nguo alianguka na kupoteza fahamu. Hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 24 Julai.

Majeraha ya aina hii yana tabia ya kudanganya. Ngumi za kichwa zinaweza kupasua mishipa midogo ya damu iliyo kati ya ubongo na utando wake. Damu hukusanyika polepole ndani ya fuvu, kwa hiyo mtu anaweza kuongea, kutembea na hata kubishana kwa dakika kadhaa kabla ubongo haujaanza kubanwa. Refa aliyelaumiwa na Wangila kwa kusimamisha pambano mapema mno alikuwa, kwa kweli, amechelewa. Miaka 12 kabla yake, Mkorea Kim Duk-koo alifariki baada ya pambano katika jiji hilo hilo la Las Vegas, na kifo chake kikasababisha mapambano ya ubingwa wa dunia kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Kifo cha Wangila hakikubadilisha kanuni kama hiyo.

Mazishi

Maiti yake ilirudishwa Kenya, lakini haikuzikwa mara moja. Wangila alikuwa amesilimu, na Waislamu walitaka azikwe kwa taratibu za Kiislamu. Upande wa familia ulipinga, na mzozo huo ukafika mahakamani. Wakenya walikuwa bado hawajaisahau kesi ya wakili S. M. Otieno, ambaye mjane wake na ukoo wake walishindana mahakamani kwa miezi kadhaa hadi mwaka 1987 kuhusu mahali pa kumzika. Safari hii hoja haikuwa ukoo bali dini, na kijana aliyewaunganisha Wakenya wote mwaka 1988 sasa aligombaniwa akiwa jenezani.

Baada yake

Laurent Boudouani, aliyeangushwa Seoul, aliendelea na ngumi za kulipwa Ulaya na mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa welta ya juu wa shirikisho la WBA. Alilitetea taji hilo mara kadhaa. Dhahabu nyingine ya Mwafrika katika ndondi za Olimpiki ilipatikana mwaka huo huo wa 1996, na Hocine Soltani wa Algeria huko Atlanta. Kenya imeendelea kupeleka mabondia kwenye Olimpiki, lakini tangu Wangila na Sande washuke ulingoni Seoul hakuna aliyerudi na medali.