Mtoto wa Mchinjaji na Mwalimu wa Zlonice

Jina la Antonín Dvořák lajulikana popote penye watu wapendao muziki. Mwaka 1893, katika mji wa New York, simfoni yake iitwayo ya Ulimwengu Mpya ilipigwa kwa mara ya kwanza, na watu wakamshangilia kama mmoja wa mafundi wakubwa wa zama zake. Lakini leo hatutaki kusimulia sifa hizo. Twataka kurudi nyuma, hata kijiji alichozaliwa, maana habari za utoto wake zina neno kwa kila mzazi.

Antonín alizaliwa tarehe 8 Septemba 1841 katika kijiji cha Nelahozeves, kando ya mto Vltava, kaskazini ya mji wa Prague. Nchi hiyo ya Bohemia, ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki, wakati ule ilitawaliwa na Kaisari wa Austria. Baba yake, František, alikuwa mchinjaji, tena mwenye nyumba ya wageni. Antonín alikuwa mzaliwa wa kwanza, na wadogo zake walikuwa wengi. Basi kila mtu alidhani kwamba kijana huyo atashika kisu na duka la baba yake.

Hata hivyo, muziki haukuwa mgeni nyumbani mwao. Baba mwenyewe alipiga zita, kinanda kidogo cha nyuzi kiwekwacho juu ya meza. Mtoto alipoingia shule ya kijiji, mwalimu wake, Josef Spitz, alimfundisha kupiga fidla. Haukupita muda mrefu akawa apiga pamoja na watu wazima, kanisani na katika sherehe za kijiji.

Mwaka 1853 wazazi walimpeleka Zlonice, mji mdogo ulio mbali kidogo, akae kwa mjomba wake Antonín Zdeněk. Walimpeleka ajifunze Kijerumani, kwa sababu katika dola ile mfanya biashara asiyejua lugha hiyo alipata shida. Huko akakutana na mwalimu Antonín Liehmann, mpiga kinanda wa kanisa. Liehmann alikuwa mtu mwepesi wa hasira, lakini aliijua kazi yake vizuri. Alimfundisha kijana fidla, piano na kinanda cha kanisa, pamoja na kanuni za kupatanisha sauti. Kijerumani kilikwenda polepole. Muziki ulikwenda mbio.

Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba huko Zlonice Antonín alihitimu uchinjaji na kupewa hati yake. Wachunguzi wa siku zetu wanaitilia shaka hati hiyo. Lakini lililo hakika ni kwamba baba alihitaji msaada. Alihamia Zlonice pamoja na jamaa yake, na biashara yake huko haikustawi. Tusimlaumu upesi. Baba mwenye watoto wengi na mapato machache, akimtazama mwanawe mkubwa, huona mikono miwili ya kumsaidia. Na ni nani awezaye kumhakikishia kwamba fidla italeta mkate mezani?

Mwaka 1856 kijana alipelekwa tena, safari hii Česká Kamenice, ili Kijerumani kipate kukamilika. Huko nako, mwalimu Franz Hanke akazidi kumwongoza katika kinanda. Ndipo ilipowapasa wakubwa kukata shauri. Liehmann alimsihi baba asiizime karama ile, na mjomba Zdeněk akakubali kusaidia gharama. Baba akaridhia. Mwaka 1857, akiwa na umri wa miaka 16, Antonín akaingia Shule ya Kinanda ya Prague, iliyowafunza wapiga vinanda wa makanisa. Alimaliza mwaka 1859, akiwa wa pili katika darasa lake.

Mafanikio hayakuja siku ile. Kwa miaka mingi alipiga viola, ambayo ni kubwa kidogo kuliko fidla, kwanza katika bendi, kisha katika jumba la michezo la Prague, kwa mshahara mdogo. Tangu mwaka 1874 hata 1877 alipiga kinanda katika Kanisa la Mtakatifu Adalbert mjini humo. Usiku aliandika muziki, na mengi aliyoyaandika hayakusikiwa na mtu.

Lakini hakumsahau aliyemfungulia njia. Simfoni yake ya kwanza, ya mwaka 1865, yaitwa Kengele za Zlonice. Na katika opera yake Jakobín, iliyochezwa kwanza Prague mwaka 1889, yumo mwalimu mzee wa muziki wa mji mdogo, mwenye bidii na upendo, ambaye sura yake yatokana na Liehmann. Mwalimu huyo alikuwa amekwisha kufa miaka mingi.

Dvořák alifariki tarehe 1 Mei 1904. Tukiyapima maisha yake, twaona kwamba kipaji peke yake hakikutosha. Alihitajiwa mwalimu wa kijijini wa kukitambua, mjomba wa kutoa fedha, na baba wa kuyaacha matumaini yake mwenyewe. Pengine huyu wa tatu ndiye aliyetoa zaidi. Mtoto apigaye ngoma juu ya sufuria si lazima awe Dvořák. Lakini kabla ya kumnyamazisha, yafaa tumsikilize kidogo.