Carrington, Mtu Aliyeliona Jua Likiripuka

Juzi barazani, baada ya Magharibi, kijana mmoja alituonyesha kwenye simu yake onyo la dhoruba ya jua. Mzee mmoja akacheka, akauliza: kwani jua nalo lina kaskazi na kusi? Mimi nikamtaja Richard Carrington, na kwa vile swala ya Isha ilitukatiza, namalizia hapa.

Alizaliwa London mwaka 1826. Baba yake alikuwa na kiwanda cha bia, na pesa za bia ndizo zilizomjengea mwana nyumba ya darubini pale Redhill, kusini mwa London. Usiku alipima nyota. Mchana alichora madoa ya jua, siku baada ya siku, kwa miaka zaidi ya saba. Hakulitazama kwa jicho tupu. Aliiangusha sura yake kwenye kioo kilichopakwa rangi. Akagundua kuwa madoa yaliyo karibu na ikweta ya jua huzunguka haraka kuliko yaliyo mbali nayo, yaani jua si kitu kigumu kama jiwe.

Septemba 1, 1859, saa tano na dakika 18 asubuhi, alikuwa akichora kundi kubwa la madoa mara ukatokea mwanga mweupe mkali juu yake. Kwanza alidhani miale imepenya pahali kwenye kiambaza chake. Alipohakikisha sivyo, alitoka mbio kutafuta shahidi. Hakuchukua hata dakika moja, lakini aliporudi mwanga ulikuwa umeshafifia, na kwa jumla haukuzidi dakika tano. Bahati yake, Mwingereza mwengine, Richard Hodgson, alikuwa ameuona vilevile akiwa kwake.

Wakati uleule vipimo vya sumaku ya dunia kule Kew vilitikisika. Baada ya saa kama 17 ikaja dhoruba yenyewe. Mianga ya rangi, ambayo kwa kawaida ni ya huko karibu na ncha za dunia, ilionekana hadi Cuba. Nyaya za telegrafu zikavurugika, na baina ya Boston na Portland, Marekani, makarani walikata betri wakapelekeana habari kwa umeme wa angani peke yake. Siku hizi dhoruba kama hiyo ingevuruga mawasiliano ya setilaiti, pamoja na GPS wanayotegemea wavuvi wetu.

Mtu mwengine angetangaza papo hapo kwamba yeye ndiye aliyegundua. Carrington alilitaja tukio la sumaku, kisha akaonya watu wasiharakishe kuunganisha mambo mawili kwa kisa kimoja. Hapo ndipo nimpendapo, ingawa baadaye ilidhihirika kweli yanahusiana.

Maisha hayakumlipa. Baba alikuwa amefariki 1858, kiwanda kikamwangukia yeye. Mwaka 1861 aliiuza nyumba ya darubini, na kazi aliyoitamani Cambridge akapewa mwengine. Mkewe Rosa alichomwa kisu mwaka 1871 na mwanamume aliyewahi kuishi naye, akapona. Novemba 1875 akafa kwa dawa ya usingizi iliyozidi kipimo. Siku kumi baadaye Carrington naye akafa, umri miaka 49.

Mizunguko ya jua bado huhesabiwa kwa jina lake, kila mmoja siku 27 na kidogo, kuanzia Novemba 1853. Mzunguko wa 2,200 ulishapita mwaka 2018.