Habari za Annie Oakley, Mwenye Shabaha wa Marekani, na Jinsi Alivyolipigania Jina Lake

Katika watu waliotajwa sana duniani kwa ustadi wa bunduki, mmoja ni mwanamke wa Marekani aliyeitwa Annie Oakley. Wengi wamesikia habari za risasi zake. Wachache wamejua ya kuwa vita vyake vikubwa havikuwa vya risasi, bali vya kulilinda jina lake.

Alizaliwa tarehe 13 Agosti, mwaka 1860, katika wilaya ya Darke, jimbo la Ohio. Wazazi wake walimwita Phoebe Ann, nao walikuwa wakulima wa madhehebu ya Quaker, watu wasiopenda anasa. Mwaka 1866 baba yake alifariki, akaacha mjane na watoto wengi, na ufukara ukaingia nyumbani. Alipokuwa na umri wa kama miaka 10 alipelekwa katika nyumba ya maskini ya wilaya, na kutoka huko akachukuliwa na watu waliotaka mtumishi. Watu hao walimtesa: walimtumikisha tangu alfajiri hata usiku, walimpiga, na ujira waliouahidi hawakuutoa. Mwisho alitoroka. Hata alipokuwa mashuhuri, na neno lake likisikiwa kila mahali, hakuwafedhehesha kwa kuwataja majina. Aliwaita mbwa-mwitu, basi.

Aliporudi kwa mama yake alishika bunduki ya marehemu baba yake, akaingia mwituni kuwinda. Kware na sungura aliowapiga waliuzwa kwa wenye maduka wa Greenville, na wengine walipelekwa katika hoteli za mji wa Cincinnati. Kwa fedha hizo aliwalisha jamaa zake, na shamba la mama yake lililokuwa limewekwa rahani akalikomboa, naye hajatimia miaka 16.

Siku hizo palikuwa na mtu jina lake Frank Butler, mzaliwa wa Ireland, aliyezunguka mijini akionyesha ustadi wa kulenga kwa malipo. Alipofika pande za Cincinnati aliwekewa mshindani asiyemjua, naye alikuwa msichana huyu wa shamba, mwenye kimo cha futi 5 tu. Butler alikosa shabaha moja, Annie hakukosa hata moja. Mwanamume mwingine angeondoka kwa hasira, Butler alimposa. Wakaoana, wakafanya kazi pamoja, na hapo ndipo alipolichukua jina la Oakley kuwa jina lake la mchezoni. Baada ya muda Butler aliiweka chini bunduki yake mwenyewe, akawa msimamizi wa kazi za mkewe, kwani alikiri ya kuwa mkewe amemzidi, wala kukiri huko hakukumpunguzia kitu.

Mwaka 1884 Sitting Bull, mkuu mashuhuri wa kabila la Lakota, alimwona akilenga, akamwajabia hata akamfanya kama binti yake, akampa jina lenye maana ya mdogo asiyekosa shabaha. Mwaka 1885 Annie aliingia katika tamasha kubwa la William Cody, aliyejulikana kwa jina la Buffalo Bill, lililoonyesha maisha ya nchi za magharibi ya Marekani, farasi wake na wachungaji wake. Humo aliwastaajabisha watu: alipasua kwa risasi karata iliyoelekezwa ubavu kwa umbali wa hatua 30, na alilenga nyuma yake akitazama katika kioo. Mwaka 1887 tamasha lilikwenda London, katika sherehe ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, na mwaka 1889 likafika Paris.

Mwanamke wa tamasha zama hizo alidhaniwa vibaya kwa wepesi, na Annie alilijua jambo hilo. Kwa hiyo nguo zake za mchezoni alizishona mwenyewe, akazifanya za heshima, na mwenendo wake ulikuwa wa utulivu. Jina jema ndilo lililokuwa rasilimali yake.

Mwezi wa Oktoba 1901 gari la moshi lililowachukua liligongana na jingine katika jimbo la North Carolina. Annie aliumia, akaliacha tamasha. Kisha likamfika la kuumiza zaidi. Mwezi wa Agosti 1903, magazeti ya tajiri William Randolph Hearst katika Chicago yalitangaza ya kuwa Annie Oakley ametiwa mbaroni kwa wizi, naye ameiba ili apate fedha za kununua kokeini. Aliyekamatwa alikuwa mwanamke mwingine aliyejipa jina hilo. Annie mwenyewe hakuwako Chicago. Lakini hapana aliyengoja kuuliza. Uzushi ulipita katika nyaya za simu, na magazeti ya miji mingi yakaupokea na kuupiga chapa.

Yako magazeti yaliyoomba radhi, lakini radhi haifiki kila mahali ulipofika uzushi. Annie akayashtaki magazeti 55. Hearst alimtuma mtu wilaya ya Darke akatafute aibu katika maisha yake ya zamani, na mtu huyo hakuipata. Kwa muda wa miaka 6 na zaidi alisafiri mji hata mji, akisimama mbele ya mahkama na kujibu maswali ya mawakili, hata mwaka 1910 daawa zikaisha. Katika magazeti 55, lililomshinda ni moja tu. Wala hakutajirika: fidia alizozipata ziliishia katika gharama. Alichokitaka ni jina lake kurudi safi, nalo likarudi.

Mwaka 1922 motokaa ilipinduka naye katika Florida, akavunjika, ikambidi kufungwa chuma mguuni. Hata hivyo alirudi kulenga. Alifariki Greenville tarehe 3 Novemba 1926, na mumewe akamfuata baada ya siku 18. Wamezikwa pamoja katika kijiji cha Brock.

Mwaka 1946 mchezo wa nyimbo ulioonyeshwa New York ulisimulia ya kuwa Annie alikosa shabaha makusudi ili ampate mume. Lilikuwa kinyume cha yaliyotokea, naye hakuwako tena kushtaki. Basi anayesikia habari ya aibu ya mtu na aihakikishe kabla ya kuipokea. Kwani risasi iliyokosa huanguka chini, na neno la uongo halianguki, hupokewa.