Iain Macleod: Bingwa wa karata aliyebadili mkondo wa Kenya

JINA la Iain Macleod hutajwa kila historia ya mikutano ya Lancaster House inaposimuliwa. Wasilolifahamu wengi ni kwamba waziri huyo wa Uingereza, kabla ya kuingia katika siasa, alikuwa miongoni mwa mabingwa wa mchezo wa karata uitwao briji, na kwamba umahiri huo ulikuja kugeuzwa silaha dhidi yake kwa sababu ya Afrika.

Macleod alizaliwa Novemba 11, 1913, katika mji wa Skipton, kaskazini mwa Uingereza. Babake alikuwa daktari, na wazazi wake wote walikuwa na asili ya kisiwa cha Lewis huko Uskoti. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge alisomea historia, lakini muda wake mwingi uliishia kwenye meza ya karata.

Ni karata zilizompatia kazi ya kwanza. Mwenyekiti wa De La Rue, kampuni ambayo baadaye ilikuja kuchapa noti za Kenya, alivutiwa na uchezaji wake akamwajiri. Mshahara ulikuwa pauni 3 kwa wiki, ilhali usiku mmoja wa karata uliweza kumpa pauni 100. Haikushangaza kwamba kijana huyo aliyekesha akicheza hakudumu ofisini.

Mnamo 1937 alikuwa katika timu iliyotwaa Gold Cup, kombe linaloheshimika mno katika briji ya Uingereza. Pamoja na wenzake wa London alichangia kubuni Acol, mfumo wa mnada ambao Waingereza wengi wangali wanautumia. Kitabu chake, Bridge is an Easy Game, kilitolewa mwaka wa 1952.

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja akiwa na karata 13. Upande ulioshinda mnada hujaribu kutimiza idadi ya mizunguko ulioahidi kushinda. Karata za mmoja wao huanikwa mezani, na mwenzake huzicheza za pande zote mbili. Wapinzani wao hulinda.

Katika ulinzi ndimo hila hustawi. Mathalani, mezani pana ree, malkia, ghulamu na kumi ya shupaza, bila karata nyingine ya maana, na anayecheza ana shupaza mbili tu mkononi. Mlinzi aketiye nyuma ya karata hizo ana mfalme na shupaza ndogo. Malkia anapochezwa, mlinzi mchanga humla papo hapo. Mlinzi mkongwe hutoa ile ndogo kwa uso mkavu na kumwacha malkia apite. Mchezaji huamini kwamba mfalme yuko kwingine, hurudi mkononi mwake na kucheza shupaza ya pili, akimtoa ghulamu mezani. Hapo ndipo mfalme hujitokeza. Mchezaji hana tena shupaza ya kumvusha, na ree iliyobaki mezani hufa pale pale.

Kanuni huruhusu hadaa hiyo. Kinachokatazwa ni kumhadaa mpinzani kwa ishara za uso, kwa kusitasita kwa makusudi au kwa mapatano ya siri na mwenzi. Hila ina gharama pia, kwani mwenzi wa mlinzi haonywi, naye aweza kupotezwa vilevile. Ndiyo maana mabingwa huogopa kumhadaa mwenzi kuliko kushindwa na mpinzani.

Macleod alijeruhiwa mguu nchini Ufaransa mwaka wa 1940, na baadaye maradhi ya uti wa mgongo yalimtesa maisha yake yote. Aliingia bungeni mwaka wa 1950, akawa Waziri wa Afya mwaka wa 1952, na Oktoba 1959 akakabidhiwa Wizara ya Makoloni. Miezi michache awali, wafungwa 11 walikuwa wameuawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola.

Januari 1960 aliongoza mkutano wa kwanza wa Lancaster House. Wajumbe Waafrika, wakiongozwa na Ronald Ngala na Tom Mboya, walisusia vikao kwa sababu Peter Mbiyu Koinange alizuiwa kuwa mshauri wao. Macleod alikwamua mambo kwa kutoa kibali kisicho na jina cha kuingia katika jengo hilo. Koinange akaingia, lakini si katika ukumbi wa mkutano.

Mkutano ulipokwisha, Waafrika walikuwa wamehakikishiwa wingi wa viti vya kuchaguliwa katika baraza la kutunga sheria. Walowezi wengi walihisi wamesalitiwa. Michael Blundell, mlowezi aliyeyakubali mapatano hayo, aliporejea Nairobi alirushiwa sarafu 30, mfano wa malipo ya Yuda. Nduguye Macleod mwenyewe, Rhoderick, alikuwa mlowezi nchini Kenya.

Machi 7, 1961, Lord Salisbury alisimama katika Bunge la Malodi akamshutumu Macleod kwa werevu uliopita kiasi. Alidai kuwa waziri huyo alikuwa ameihamishia briji katika siasa, ambapo kumzidi mpinzani akili si aibu, na kwamba wapinzani aliowachagua ni walowezi wa kizungu.

Shutuma hiyo iliuma kwa sababu walowezi walijihesabu kuwa wenzi wa Uingereza, walioketi upande mmoja wa meza. Hata hivyo, Macleod hakuificha karata hiyo. Mbele ya wajumbe wa Lancaster alikuwa ametamka wazi kwamba utawala wa Waafrika walio wengi ungekuja. Waliopotea ni wale waliokataa kuisoma karata iliyokuwa mezani.

Hakuwa bila doa. Jomo Kenyatta aliendelea kuzuiliwa hadi Agosti 1961. Oktoba mwaka huo Macleod aliondolewa katika wizara hiyo, na maneno ya Salisbury yakamwandama chamani kwa miaka mingi.

Juni 1970 aliteuliwa Waziri wa Fedha. Alifariki ghafla Julai 20, 1970, mwezi mmoja tu baadaye, akiwa na umri wa miaka 56. Kufikia wakati huo Kenya ilikuwa imejitawala kwa zaidi ya miaka sita.